Hizi maikro-RNA zinahusiana vipi na ITP? Mdogo wangu pleteleti zimeshuka

KakaWaMoro: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike, miaka 19, alianza na vidoti vyekundu miguuni tukajua mbu tu, wiki ya pili damu ya pua ikagoma kukata tukakimbia hospitali, FBP (kipimo cha damu nzima) ikasoma pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, elfu 14 wakati za kawaida ni 150 mpaka 450 elfu. Wamesema ITP, yaani kinga ya mwili inashambulia pleteleti zake yenyewe, kaanza prednisoloni (dawa ya kutuliza kinga), sa hivi anakula kama yuko mashindanoni. Sasa nimekutana na makala inasema shida iko kwenye RNA (molekuli za kijeni ndani ya seli) zisizotengeneza protini, zikiwemo hizo maikro-RNA. Kipimo chake kipo Bongo?

FundiMaabara: Pole mkuu. Kwenye ITP kingamwili zinajibandika kwenye pleteleti, zikipita bandama zinamezwa. Daktari Harrington wa St. Louis alijidunga damu ya mgonjwa mwaka 1950, masaa machache tu pleteleti zake zikaporomoka, ndo ikajulikana kuna kitu kwenye damu kinaziua. Maikro-RNA ni vipande vya RNA vya herufi za kijeni kama 22, kazi yake kuzima ujumbe wa jeni kabla haujawa protini. Mojawapo, miR-146a, ni breki ya kinga, panya wasiokuwa nayo kinga yao inawageuka wenyewe, na kuna tafiti zimeikuta iko chini kwa wagonjwa wa ITP. Ila kipimo cha kumpimia mgonjwa hospitali hamna, si hapa wala Ulaya.

mtu_chake: kwa hiyo wakiongeza hiyo breki mtu anapona??

FundiMaabara: Taratibu 😂 Pleteleti haina kiini lakini imejaa maikro-RNA, sasa ukipima plazma (maji ya damu) ya mtu mwenye pleteleti elfu 14, maikro-RNA nyingi si lazima zisome chini? Hapo hujui kama ni chanzo au ni matokeo. Na ukizungusha sentrifuji (mashine ya kutenganisha damu) vibaya zikabaki pleteleti kwenye plazma ujue unapima pleteleti, hupimi ugonjwa. Mi nawaamini zaidi wanaochambua seli T (seli za kinga) zenyewe.

BintiZambarau: Mi nina ITP tangu 2016. Kaka achana na RNA kwanza, uliza kama waliangalia slaidi kwa darubini. Kuna siku mashine ilinisomea elfu 22 nikalia mpaka nikaishiwa sauti, kumbe zilikuwa zimegandana kwenye ile tyubu ya zambarau, wakatoa tena kwenye ya bluu ikaja elfu 90. Halafu prednisoloni asiache ghafla hata akivimba mashavu, na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini asiguse kabisa.

KakaWaMoro: Asanteni. Slaidi waliangalia, ni kweli zilikuwa chache, ila juzi zimefika elfu 61. Hiyo diklofenaki sasa, mama alikuwa anamgawia zake za mgongo kila akilalamika kichwa 🤦🏾 nimezificha juu ya kabati.