Chipu Afrika wanabeba kombe, duniani wanalemewa: kosa liko kwenye miili, skramu au kalenda?

NYASI ZA NYAYO
Naweka mada mezani. Aprili 2019, Chipu, timu ya Kenya ya raga ya vijana wasiozidi miaka 20, iliifunga Namibia 21-18 hapa Nairobi na kutwaa kombe la Barthés, ubingwa wa Afrika kwa umri huo. Ushindi huo uliwapeleka São José dos Campos, Brazil, mwezi Julai, kwenye World Rugby U20 Trophy, yaani daraja la pili la dunia kwa umri huo. Mwaka 2023 mashindano yaleyale yakachezewa kwetu, tukiwa wenyeji. Mwaka 2024 vijana wakaenda Edinburgh.

Safari tatu, na fainali zote tatu tumekuwa watazamaji tu. Brazil ilikuwa Japani 35, Ureno 34. Nairobi ilikuwa Uhispania 39, Uruguay 32. Edinburgh, Scotland iliilaza Marekani 48-24. Sasa daraja la kwanza limepanuliwa kutoka timu 12 hadi 16 kuanzia 2026, kwa hiyo swali hili halingoji.

Jibu linalorudiwa kila mara ni kwamba vijana wetu ni wepesi kwa kilo. Sikubali. Msimamo wangu ni huu: kijana anakuzwa shuleni kwa sheria za mchezo mmoja, halafu anavishwa jezi ya taifa acheze mchezo mwingine. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

NAMBA TATU
Nyasi, umegusa penyewe, ila watu wengi hawazijui hizo sheria, kwa hiyo tuziweke wazi.

Sheria za chini ya miaka 19 zinasema skramu (wanane wa kila timu wakishikana na kusukumana kugombea mpira) isisukumwe zaidi ya mita moja na nusu kuelekea goli la mpinzani. Skramu ikizunguka zaidi ya nyuzi 45, refa anapuliza filimbi na inaanzwa upya. Muda wa mchezo ni dakika 70, nusu mbili za dakika 35. Ukivuka kwenda chini ya 20 unakuta sheria za watu wazima: kusukuma hakuna kikomo, kuzunguka ni mpaka nyuzi 90, na dakika ni 80.

Hebu fikiria maana yake kwa propu wa kulia, mchezaji wa pembeni mwa safu ya mbele, jezi namba 3. Akiwa shuleni amezoea kujikaza sekunde mbili tatu, mita moja na nusu inaisha, mpira unatoka, biashara imekwisha. Siku ya Uruguay anakuta wanane wanaomsukuma, wakisimama wanavuta pumzi, wanasukuma mara ya pili, na mpira bado uko miguuni mwa namba nane wao, yule wa nyuma kabisa. Shingo na kiuno havijawahi kufundishwa msukumo wa pili. Kosa analofanya hapo ni lilelile kila mara: mkono wa kulia, ambao ulipaswa kushika jezi ya mpinzani mgongoni au ubavuni, unateleza na kushika sleeve, yaani mkono wa jezi. Kiwiko kikielekea chini, bega linafuata, skramu inaanguka, na refa ananyoosha mkono upande wa pili. Tunasema refa katuonea, kumbe ni mshiko mfupi.

Hilo halihusiani na uzito. Hata umuongezee kilo 10, akishika vibaya ataanguka tu, tena kwa kishindo zaidi.

MBIO ZA PEMBENI
Kaka Namba Tatu, nakuheshimu, lakini ninyi wa mbele mnataka dunia nzima iingie kwenye skramu. Kipaji cha nchi hii kinajulikana. Shujaa, timu ya taifa ya sevens, yaani raga ya wachezaji saba, ilitwaa Singapore Sevens 2016 kwa kuifunga Fiji 30-7 fainali. Hiyo haikutoka kwenye msukumo wa wanane, ilitoka kwenye kasi, pasi za mkono mmoja na macho ya kuona mwanya.

Kwa nini basi Chipu icheze kama Georgia, watu wa skramu? Tuchezeshe mpira haraka. Penalti ikipatikana, gonga na ukimbie badala ya kupiga nje. Mpira ukitoka nje, rusha upesi kabla lainiauti, ile mistari miwili ya kugombea mpira unaorushwa kutoka nje, haijaundwa. Skramu ni yetu? Tia mpira, huka, yule wa katikati ya safu ya mbele, auvute, namba nane autoe sekunde ileile. Mpinzani mzito akikimbizwa dakika 60 bila kupumzika, hizo kilo zinageuka mzigo wake mwenyewe.

Na pesa zenyewe ni chache. Kila shilingi inayokwenda kwenye mashine ya skramu inatoka mahali fulani.

MPIGA HESABU
Mbio, mchezo wa kasi una bei yake, na bei hiyo ni skramu. Pasi nyingi za haraka huzaa mipira mingi inayoanguka mbele, na mpira ukianguka mbele mchezo unaanza upya kwa skramu ya mpinzani. Kadiri unavyokimbia ndivyo unavyoitwa kwenye skramu usiyoitaka.

Tazama mnyororo. Unaangusha mpira kwenye mita 40 zako. Skramu yao. Wanasukuma, tunaanguka, penalti. Wanapiga mpira nje, mita 5 kutoka mstari wetu wa goli, na kwa kuwa ni penalti, kurusha ni kwao. Lainiauti, moli (kundi linaloshikamana na mwenye mpira akiwa wima na kusukuma), trai. Konvesheni, mkwaju wa baada ya trai, ikiingia ni pointi 7, na wala hawajapiga pasi hata moja ya maana. Mnyororo huo ukijirudia mara tatu ni pointi 21, ambazo ni pointi zote Chipu walizofunga kwenye fainali ya 2019 dhidi ya Namibia.

Na Georgia usiitaje kwa dharau. Walitwaa daraja la pili 2015, wakapanda, na miaka miwili baadaye wakaandaa daraja la kwanza Tbilisi na Kutaisi. Japani walitwaa la pili 2019, wakapanda, na mashindano yaliporudi 2023 baada ya korona wakashuka palepale. Kupanda kwa kasi kunawezekana. Kubaki juu kunadai pakiti, wale wanane wa mbele.

MBIO ZA PEMBENI
Uhispania je? Walipanda kutoka Nairobi, na 2024 walibaki juu, Fiji ndio walioshuka. Uhispania si taifa la majitu.

MPIGA HESABU
Sahihi, na hoja hiyo inanisaidia mimi kuliko wewe. Uhispania si majitu lakini skramu yao haianguki. Fiji wana miili na kasi, vyote viwili, wakashuka. Kwa hiyo si kilo na si mbio.

DADA WA LAINIAUTI
Mnabishana kuhusu skramu, na moli mmeipita kama kituo kisicho na abiria. Kwa macho yangu, hapo ndipo trai nyingi za bure hutoka.

Kuizuia moli ya mita 5 kuna mambo mawili tu, na lazima uchague moja kabla mpira haujarushwa. La kwanza, unaruka kuugombania hewani. La pili, unabaki chini, na mdakaji akishagusa nyasi unamshika na kumwangusha mara moja, kabla mwenzake hajamfunga. Hiyo ni halali kwa sababu moli haijaundwa bado. Ukichelewa, mwenzake akishashikamana naye na wewe umeshamshika, moli imezaliwa, na kuiangusha ni penalti, na mara nyingi kadi ya njano juu yake. Dakika 10 mkiwa 14.

Kosa la vijana wetu ni kuchagua yote mawili. Wawili wanamnyanyua mrukaji, mpira unapita juu yake, na watatu hao bado hawajajipanga wakati wapinzani wanaanza kusukuma. Waliobaki wanakuwa watano dhidi ya wanane. Hata pakiti nzito kuliko zote duniani haiwezi kuzuia hivyo.

Dawa yake haihitaji mashine wala dola: loki mmoja, mchezaji wa safu ya pili ya skramu, aitaye “juu” au “chini”, na wote wamtii. Moli kumi kwa kila mazoezi, tano za kuruka na tano za kubaki, mara mbili kwa wiki. Lakini ni wiki ngapi? Hapo ndipo namwachia mwalimu.

MWALIMU WA ZAMU
Ahsante dada. Wiki ndizo hazipo, na sababu imeandikwa kwenye kalenda ya shule.

Muhula wa kwanza shule zinacheza raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili zinacheza sevens. Kwa hiyo kijana wa Kakamega, Butula au All Saints Embu anapata miezi mitatu hivi ya raga ya 15 kwa mwaka, na timu ikitolewa mapema kwenye kaunti, anapata chini ya hapo. Muhula wa pili skramu inabaki ya watatu kwa watatu. Loki hana kazi. Propu mnene anawekwa benchi, na wengi hawarudi.

Kisha kuna pengo ambalo watu wengi hawalioni. Kijana anafanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, Novemba. Chuo kikuu anaingia Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Katikati hapo hana shule, hana chuo, na kama kwao si Nairobi, Nakuru au Kakamega, klabu ya karibu iko mbali kuliko nauli aliyonayo. Barthés huchezwa Aprili. Mashindano ya dunia huja Julai. Yote mawili yanaangukia ndani ya miezi tisa ambayo kijana hana timu inayomtegemea. Halafu tunashangaa anaishiwa pumzi dakika ya 65, ilhali mechi yake ya mwisho ya ushindani ilikuwa ya dakika 70 mwaka mmoja uliopita.

Huko duniani ratiba haimhurumii. Nairobi 2023 ilikuwa mechi nne kati ya tarehe 15 na 30 Julai, siku tano tu kati ya moja na nyingine. Safu ya mbele isiyozoea kurudia kazi hiyo inapungua nguvu mechi baada ya mechi.

NYASI ZA NYAYO
Mwalimu, kuna wanaosema Nairobi tulikuwa na faida ya mwinuko, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na bado haikutusaidia.

MWALIMU WA ZAMU
Mwinuko humsaidia aliye na mechi miguuni. Uruguay na Uhispania walikuja hapahapa, wakavuta hewa ileile, wakacheza fainali ya pointi 71.

MSAFIRI WA HARARE
Habari zenu kutoka kusini. Mwalimu amelenga, ila naomba niongeze jambo ambalo Wakenya hulipuuza: Zimbabwe na Namibia hawana pesa nyingi kuliko nyinyi. Wanachowazidi ni mpinzani.

Kwa miaka mingi timu za shule za nchi hizo mbili zimealikwa Craven Week, mashindano ya majimbo ya Afrika Kusini kwa chini ya miaka 18. Kijana wa Harare au Windhoek anakutana na propu wa Afrika Kusini akiwa na miaka 17. Anapigwa, ndiyo, lakini anarudi nyumbani akijua kasi na uzito halisi wa mchezo. Kijana wa Nairobi anakutana na kiwango hicho mara ya kwanza akiwa amevaa jezi ya taifa, kwenye mechi yenye pointi.

Matokeo yake mnayaona kwa wakubwa. Julai 2025 Zimbabwe iliifunga Namibia 30-28 jijini Kampala na kufuzu Kombe la Dunia la 2027, mara ya kwanza tangu 1991. Ureno nao walipoteza fainali mbili za vijana kwa Japani, 2017 na 2019, na mwaka 2023 wakubwa wao waliifunga Fiji 24-23 kwenye Kombe la Dunia. Kushindwa si hasara, mradi ushindwe mapema na mara nyingi.

MBIO ZA PEMBENI
Hilo la mpinzani nalikubali bila ubishi. Ninachokataa ni kuondoa sevens shuleni. Muhula wa pili ukiuondolea sevens, Shujaa itapata wapi watu?

MWALIMU WA ZAMU
Hakuna aliyesema iondolewe, ndugu yangu. Nasema aliyemaliza kidato cha nne asiachwe. Januari hadi Machi, kanda sita, kila kanda timu moja ya chini ya 20, nyumbani na ugenini: hizo ni mechi 10 kwa kila kijana, dakika 80, sheria za watu wazima. Zichezwe asubuhi kabla ya mechi za Kenya Cup, ligi kuu ya klabu, kwenye viwanja vilevile, ili refa, daktari na machela viwe vimeshalipiwa.

NAMBA TATU
Mechi 10 kwa wiki 12 zinaingia. Ila kwa safu ya mbele nina sharti. Wiki tatu za mazoezi kabla ya mechi ya kwanza zisiwe za kusukumana kwa nguvu zote. Mmoja kwa mmoja kwanza, kisha watatu kwa watatu, kisha watano na maloki nyuma, ndipo wanane. Kila hatua refa awepo, aite mwito wote, na skramu ikishuka isimamishwe, wasiulizane nani kaangusha bali mkono ulikuwa wapi. Ukiruka hatua hizo na kijana aliyekulia kwenye mita moja na nusu, unahatarisha shingo yake.

Na kila kanda ilete mapropu wanne wa kulia, si mmoja. Timu ya watu 23 lazima iwe na sita wa safu ya mbele, wawili kwa kila nafasi. Tukienda na namba 3 mmoja wa kweli na mwingine wa kubahatisha, mechi ya tatu tutaicheza na wa kubahatisha.

DADA WA LAINIAUTI
Mapropu wanne mara kanda sita ni 24. Watafutwe kwenye kurusha tufe na kisahani pia. Wako wengi, na hakuna anayewaita.

MBIO ZA PEMBENI
Na nauli ya kutoka Bungoma hadi Nairobi, mechi tano za ugenini, nani analipa? Mkinijibu hilo kwa tarakimu, nitatia sahihi yangu.

MWALIMU WA ZAMU
Basi moja la viti 33, watu 23 wa mechi, makocha wawili, mganga mmoja. Bungoma wacheze na Kakamega na Kisumu kwanza, safari ya kwenda na kurudi siku moja, bila kulala hoteli. Nairobi waende mara moja tu, Ijumaa usiku, walale bwenini shule zikiwa likizo ya katikati ya muhula. Kesho naleta bei ya basi kwa kila safari, uje na kalamu.