Namba kwenye tanga, tani zisizolingana: majahazi ya Unguja na Mombasa yalidhibitiwa vipi?

mpekuzi_forodha

Assalamu alaykum. Napitia karatasi za vyombo vya Unguja na Mombasa, 1890 hadi 1930 hivi, na mambo matatu yananikwaza. Ruhusa ya kupeperusha bendera ni ya mwaka mmoja tu, na juu yake nahodha anadaiwa orodha ya mabaharia na ya abiria. Chombo kimoja kina tani 21 kwenye karatasi hii na 40 kwenye ile. Halafu mashua na ngalawa hazimo kabisa katika rejista ya meli, ila zina leseni. Ni sheria, au ni vurugu za makarani?

bendera_nyekundu

Waalaykum salaam. Ni sheria, na mzizi wake si bandari, ni utumwa. Anzia Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, wa kukomesha biashara ya watumwa. Ulivitenga "vyombo vya kienyeji": chenye umbo au tanga la kienyeji, au ambacho nahodha na mabaharia wake walio wengi asili yao ni pwani za Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu au Ghuba ya Uajemi. Kwa hiyo jahazi la mfanyabiashara mwenye heshima zake lilishukiwa tangu likiwa kwenye magogo ya fundi. Ndiyo maana meli ya moshi ya mzungu haikuandamwa hivyo.

Masharti ya kupewa bendera yalikuwa matatu. Mwenye chombo awe raia au mtu aliye chini ya himaya ya dola husika. Awe na mali isiyohamishika katika wilaya ile, au mdhamini mwenye uwezo wa kulipa faini. Na yeye pamoja na nahodha wake wawe na sifa njema, hasa wasiwe wamewahi kuhukumiwa kwa biashara ya watumwa. Ruhusa ilikwisha kila mwaka kwa sababu kuikataa upya ni kazi nyepesi kuliko kumshtaki mtu. Usiposoma sharti la nyumba na shamba, hutaelewa kwa nini majina ya wadhamini yanajirudia.

Orodha ya abiria isome kwa makini zaidi. Abiria Mwafrika alipaswa kuhojiwa kabla ya kupakiwa, na mtoto hakupokelewa ila awe na jamaa zake au watu wanaojulikana. Kwenye bandari ya kufikia wanahesabiwa tena. Ukikuta abiria kumi na wawili wakati wa kutweka tanga na kumi wakati wa kushuka, usiseme karani kakosea. Tazama kwanza kama kuna bandari ya katikati.

Na usiangalie bendera ya Sultani peke yake. Manahodha wengi wa Sur, bandari ya Omani, walichukua bendera ya Ufaransa kwa sababu Ufaransa ilikataa manowari za Waingereza zipekue vyombo vyake. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa alipokisogelea chombo chenye bendera hiyo. Shauri lenyewe liliamuliwa The Hague tarehe 8 Agosti 1905: kuanzia tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati, isipokuwa waliokuwa chini ya himaya yake kabla ya 1863. Ruhusa za zamani zilibaki halali.

mkuku_na_fashini

Hayo ya bendera yametosha. Mimi nina la tani.

Tani ya rejista si uzito, ni nafasi: futi za ujazo 100. Sheria ya meli ya Uingereza ya 1894 ilikuwa na kanuni ya mkato kwa chombo kilichopakia, maana huwezi kuingia tumboni kupima. Unapima urefu juu ya sitaha kutoka hanamu (mti wa mbele) hadi fashini (mti wa nyuma). Unapima upana mkubwa. Kisha unapitisha mnyororo chini ya mkuku (mti wa chini kabisa wa chombo), kutoka usawa wa sitaha upande huu hadi ule, upate mzingo. Nusu ya mzingo ongeza nusu ya upana, jibu lizidishe kwa lenyewe, halafu kwa urefu, halafu kwa 0.0017 ikiwa ni mbao (chuma 0.0018).

Chukua jahazi la urefu futi 40, upana 13, mzingo 22. Nusu zake ni 11 na 6.5, jumla 17.5. Ikizidishwa kwa yenyewe ni 306.25. Mara 40 ni 12,250. Mara 0.0017 ni tani 20.8. Hiyo ndiyo 21 yako.

Mnyororo ukilegea chini ya mkuku, mzingo unaongezeka, na kwa kuwa jumla inazidishwa kwa yenyewe, kosa dogo linavimba. Hanamu iliyolala sana nayo inampa chombo urefu wa juu ambao chini haupo. Chombo kisicho na sitaha kinapimwa hadi ukingo wa ubao wa juu kabisa. Kuta za makuti za kuzuia mawimbi hazimo.

Hiyo 40 inaweza kuwa uzito wa shehena. Frasila ni ratili 35, kwa hiyo tani moja ya uzito ni frasila 64. Tafuta frasila 2,560 au karibu yake kwenye karatasi ya forodha. Ukizipata, fumbo limefumbuka. Vyombo vya Ghuba vina balaa lake: wenyewe walihesabu ukubwa kwa vifurushi vya tende.

Mashua na ngalawa: sheria hiyohiyo iliviruhusu vyombo visivyozidi tani 15, vinavyotembea pwani na mito ya milki yao, visisajiliwe kama meli. Na Brussels ikaweka kando vyenye sitaha nusu, mabaharia wasiozidi 10, vinavyovua ndani ya maji ya nchi au kufanya biashara ndogo ya pwani bila kwenda zaidi ya maili 5 kutoka nchi kavu. Hivi vilipewa leseni ya mwaka, inayoweza kufutwa. Kwa hiyo usivitafute kwenye rejista ya meli, tafuta madaftari ya leseni.

mpekuzi_forodha

Ahsanteni sana, maalim zangu. Nitafuata frasila. Lakini nikifuatilia chombo kimoja kwa miaka kumi, jina linabadilika kila ukurasa.

bendera_nyekundu

Achana na jina, shika namba. Mkataba ulidai jina na tani vichongwe na kupakwa rangi tezini, yaani nyuma ya chombo, kwa herufi za Kilatini, na kwenye tanga ziandikwe kwa wino mweusi herufi za bandari ya usajili pamoja na namba. Nahodha alilijua jina kwa herufi za Kiarabu, karani akaliandika alivyosikia: Fat-h al-Kheir, Fatilkheri, Fatel Khair, chombo ni kilekile. Kuchonga kulikuwa na maana yake, kwani ubao unaopakwa sifa (mafuta ya papa) kila mara haukawii kufunika rangi. Namba ya tanga ilisomeka baharini tu. Foromali (mti unaobeba tanga) ikishushwa bandarini, tanga limekunjwa, huoni kitu. Na tanga likichakaa likawekwa viraka, tarakimu moja inaweza kwenda na kiraka, 183 ikabaki 13. Ukikuta namba mbili zinazofanana hivyo, linganisha tani, mwenyewe na mdhamini kabla ya kusema ni vyombo viwili.

mkuku_na_fashini

Na ada usizilinganishe bila kutazama fedha. Rupia ni anna 16, au pesa 64 (pesa hapa ni sarafu ndogo). Kenya iliacha rupia 1920, Unguja ikaendelea nayo hadi 1936, ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Ukivuka hadi Dar es Salaam ya Wajerumani, kuanzia 1904 rupia ni heller 100, hakuna pesa 64 tena.