Nyanya anataka barua za kaka yake aliyefia vitani ziwekwe kaburini. Nishaurini

NyarNyakach:

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wazima, hasa waliowahi kushika karatasi za zamani au wanaojua mambo ya mazishi ya kwetu huku ziwani.

Nyanya mzaa baba amepita miaka tisini na akili yake bado timamu. Kwa tumbo la mama yake amebaki yeye peke yake. Kaka yake mkubwa aliandikishwa jeshi mwaka 1942 akitokea Seme, kijana asiye na mke. Hakurudi. Chifu alikuja kusema amefia vitani, na kwa kuwa vijana wa wakati ule walikuwa wakipelekwa Bama (Burma, siku hizi Myanmar), nyumbani ikasemwa amefia Bama. Hakuna kaburi wala kitu chake chochote kilicholetwa. Zilibaki barua tu, kwenye kisanduku cha bati ambacho nyanya aliachiwa na mama yake akaja nacho kwenye ndoa Nyakach.

Zote ni za Kiswahili, kwa penseli. Mama yao hakujua kusoma, kwa hiyo kila barua ilipofika alimpelekea mwalimu wa kanisa, naye akawasomea kwa Kijaluo watoto wakiwa wameketi chini. Nyanya anazikumbuka. Nikianza mstari, mara nyingi anaumalizia.

Za mwanzo ni za kuruta hasa. Anaanza "mimi mzima, hofu yangu ni kwenu", kisha anasema viatu vimemchubua visigino, wanaamshwa giza bado, na tangu aondoke hajaonja samaki. Anauliza kama pesa anazokatwa kwenye mshahara zimefika kwa DC, na kama mama amezipokea kwa mkono wake mwenyewe au kuna mtu amemchukulia. Anauliza ng'ombe mwekundu amezaa dume au jike. Barua moja ametaja jina la kambi, na hapo mkaguzi wa jeshi amekata karatasi kwa wembe. Shimo la mstatili, kingo zake safi mpaka leo. Maneno yaliyokuwa nyuma ya karatasi yamekwenda nalo, na nyuma ndipo alipokuwa anamjibu mama yake jambo fulani kuhusu shamba. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Kuna pia mstari wa nyanya, aliyekuwa mtoto: "Huyo mdogo asome. Nikija nitamletea kitambaa cha gauni."

Ya mwisho ni ya Januari 1944. Fupi. Anasema wamehamishwa, na kwamba ameona maji ambayo ukionja ni chumvi.

Sasa shida yenyewe. Nyanya anataka kaka yake awe na kaburi kabla yeye hajafa. Mnajua kwetu mtu aliyepotea huzikwa kwa tunda la yago badala ya mwili. Yeye anakataa yago. Anasema yago halina mkono wa kaka yake, barua zinao, zizikwe zote. Baba anataka zipelekwe makumbusho. Binamu yangu aliye Nairobi amepata mtu wa kununua bahasha kwa ajili ya stempu. Kisanduku kiko kwangu Kisumu na kila mmoja ananipigia simu mimi. Nifanyeje?

Kaka wa Milimani:

Dada, piga picha zote kisha umpe nyanya anachotaka. Ni mali yake. Watu wa makumbusho hawakuwepo barua zikisomwa.

Karani Mstaafu:

Nimeshughulika na majalada ya serikali miaka mingi, kwa hiyo nitasema ya karatasi kwanza.

Usizipeleke kwa mtu wa kutia leminesheni, hata akikuambia zitadumu. Joto la mashine na ile plastiki vinaiharibu karatasi na haviondoki tena. Usibandike seloteipu kwenye mikunjo iliyoraruka, gundi yake hugeuka njano ikala karatasi. Usipige pasi. Barua iliyokunjwa miaka themanini ifunguliwe polepole mezani, mikono mikavu, na ikigoma iache kwanza. Penseli ni bahati yenu, maana wino ungekuwa umefifia au umetapakaa.

Picha piga karibu na dirisha mchana, bila mwanga wa simu, karatasi ikiwa imelala kabisa. Piga mbele, nyuma, na bahasha kila upande, hata kama bahasha haina maneno. Mihuri ya posta ya jeshi na tarehe zake ni sehemu ya habari. Kisha kila barua na bahasha yake ziwekwe pamoja kwenye karatasi safi nyeupe, zirudi kwenye kisanduku, nacho kisikae sakafuni kwa sababu ya mchwa wala juu karibu na mabati kwa sababu ya joto. Hewa ya Kisumu ina unyevu, kifungue mara kwa mara uangalie wadudu.

Baada ya hapo ndipo mgombane. Mkikubaliana kuzihifadhi nje ya nyumba, Kisumu kuna makumbusho na pia kuna ofisi ya kumbukumbu za taifa, si lazima ziende Nairobi. Waulizeni kama wanaweza kuchukua nakala na familia ikabaki na zenyewe.

Ja-Seme:

Mimi naingia kwenye mila, mnisamehe vijana. Kaburi la huyu mzee haliwezi kuchimbwa Nyakach. Nyakach ni kwa mume wa nyanya yako. Kaka mtu atazikwa kwa baba yake, Seme, na watakaoonyesha mahali ni watoto wa ndugu zake walioko kwenye boma. Umewauliza? Katika maelezo yako yote sijawaona. Anza nao. Nyanya aende kama binti wa boma, akae, aseme mwenyewe anachotaka mbele yao. Sisi tunaweza kuandika hapa mpaka usiku na tusiwe na neno.

Na kuhusu yago, msilidharau. Tunda lile ni zito, lina urefu wa mkono, na linazikwa kwa heshima zote za mtu. Wengi waliopotea kwenye vita zote mbili walizikwa hivyo.

Mama Tabby, Kakamega:

Sisi Waluhya tunazika mgomba, lakini maumivu ni yale yale. Dada yangu, nakuomba jambo moja. Kabla ya uamuzi wowote, msomee nyanya barua zote, tangu ya kwanza, kwa lugha yake, hata kama itachukua siku nyingi. Mimi naona anachodai si karatasi kuingia ardhini. Anaogopa kwamba akifa yeye hakuna atakayejua huyu mtu alikuwa anaandika nini. Mtu wa umri huo akiona mjukuu anajua mistari kama yeye, huenda akalegea.

Mjukuu wa Keya:

NyarNyakach, kwenye bahasha au juu ya barua kuna anwani ya mtumaji? Askari waliandika namba yao, cheo, na kikosi. Niandikie kikosi tu. Namba na jina usiweke hapa.

NyarNyakach:

Ja-Seme, baba amewapigia leo, nimekuelewa. Mjukuu wa Keya, kikosi kimeandikwa "301 Fd Regt E.A.A." na chini yake A.P.O., yaani posta ya jeshi. Kwenye barua moja anasema wanafundishwa kazi ya mizinga.

Mjukuu wa Keya:

Basi kaa chini kwanza.

E.A.A. ni jeshi la mizinga la Afrika Mashariki. Kikosi cha 301 kilipakiwa Mombasa mapema Februari 1944 kwenye meli ya Khedive Ismail, katika msafara wa meli tano za askari zilizokuwa zikielekea Colombo. Kwenye Khedive Ismail kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari hao wa mizinga, na pamoja nao mabaharia na wauguzi. Jumamosi alasiri, tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iitwayo I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kabla ya dakika mbili kwisha. Walikufa 1,297. Nyambizi yenyewe ilizamishwa siku hiyo hiyo na meli za kivita za Uingereza.

Sasa angalia tarehe zenu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya alama ya kichwa cha kifaru, iliingia Bama katikati ya 1944, ikapigana bonde la Kabaw mpaka mto Chindwin. Barua za babu yenu zinakoma Januari, na ya mwisho inataja maji ya chumvi. Kama alipanda meli hiyo na kikosi chake, Bama hakufika.

Usimwambie mtu bado. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye mtandao, haina malipo. Tafuta kwa namba ya askari iliyo kwenye bahasha, maana majina yetu makarani waliyaandika walivyoyasikia na utakuta herufi zimepinda. Waliokufa kwenye meli ile wamekumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Unaweza kwenda ukagusa jina lake.

Na bahasha zisiuzwe. Bila bahasha hizo ningekuambia nini?

Kaka wa Milimani:

Nimesoma hii nikanyamaza. Nafuta ushauri wangu wa kwanza. Zisizikwe.

Mama Tabby, Kakamega:

Mungu wangu, dakika mbili. Namba ikilingana, nyanya aambiwe. Msimfiche kwa kuwa ni mzee. Amekaa miaka yote akimwona kaka yake peke yake msituni. Aambiwe alikuwa na wenzake, na siku ijulikane. Lakini amwambie mtu wa damu, mchana, nyumba ikiwa na watu.

Ja-Seme:

Nakubaliana. Na aliyekufa majini ana mambo yake kwetu, kwa hiyo wazee wajue kabla ya siku ya kuzika, si baada.

NyarNyakach:

Nimechelewa kurudi, nisameheni.

Nimetafuta kwa namba. Yupo. Jina limeandikwa na herufi moja tofauti, lakini namba ni ile ile, kikosi ni kile kile, na tarehe ni 12 Februari 1944. Nilimwonyesha baba akatoka nje.

Watoto wa kaka zake nyanya walikuja kutoka Seme Jumamosi na baba ndiye aliyesema. Nyanya hakulia pale pale. Aliuliza kama maji hayo yana samaki. Kisha akauliza kama mama yake alikufa bila kujua, tukamwambia ndiyo, na hapo akalia.

Jioni alisema hivi: wazike yago Seme, karibu na mama yake, na siku hiyo barua zote zisomwe mbele ya watu kabla shimo halijafunikwa. Iingie moja tu, ile ya kitambaa cha gauni, kwa sababu hiyo ni yake na anairudisha. Nyingine zibaki kwangu. Baba ameridhika nakala ziende makumbusho. Binamu hajasema kitu.

Kwa hiyo nina ombi la mwisho. Kijaluo changu ni cha mjini, na sitaki kuzisoma kwa kusitasita mbele ya wazee. Natafuta mtu wa Seme au Maseno, ikiwezekana mwalimu mstaafu, anayeweza kukaa nami tuzifasiri moja moja. Nauli na chakula ni juu yetu. Tafadhali niandikieni faraghani.