Wakuu naomba ushauri: nataka kuchukua Range Rover Sport iliyotumika, nikague nini kabla sijalipa?

Mkazi wa Kibada:
Habari za mchana wakuu. Moja kwa moja kwenye mada. Nimepata Range Rover Sport ya dizeli ipo Mbezi Beach, nyeusi, ndani ngozi rangi ya maziwa, bei milioni 36 na dalali anasema mwenyewe anaweza kushuka kidogo nikiwa siriazi. Gari imesimama, haina mkwaruzo, AC inagandisha, nimeiwasha mwenyewe ikakubali mara moja. Sasa mimi maisha yangu yote ni Toyota, gari za Mwingereza sijawahi kumiliki na maneno ninayoyasikia yananinyima usingizi. Mwenye uzoefu anisaidie vitu gani vya kukagua. Na tafadhali tusiambiane "chukua IST", najua ninachokitaka. Asanteni.

Mzee wa Rufiji:
Sitasema IST. Nasema Harrier. Kwa hiyo hela unapata Harrier iliyotulia, spea zake unazikuta mpaka Utete, na chenji inabaki ya bima kubwa.

Mama Nuru:
Mdogo wangu samahani kama nitakukwaza, una kiwanja? Nyumba imefika wapi? Shemeji anajua kuhusu hili gari? Nimeona vijana wengi wanapaki gari la mamilioni nje ya chumba cha kupanga na kodi wanadaiwa. Gari linashuka bei kila siku, ardhi haishuki.

Dogo wa Keko:
Nunua tu mkuu, ila fundi wake akikualika harusi ya mwanae usitoe mchango, ukumbi utakuwa umeshaulipia wewe 😂😂

Spana 17:
Mtoa mada, mimi nashika hizi gari kila siku gereji Ilala. Kabla sijakwambia chochote nijibu: mwaka gani, injini ipi, imetembea kiasi gani na dashibodi inasoma maili au kilomita, kadi umeishika mkononi, na kwa nini anauza bei hiyo?

Mkazi wa Kibada:
@Spana 17 asante mkuu. Ni ya 2008, injini 3.0 dizeli, imetembea 98,000 tu. Maili au kilomita sijaangalia kwa kweli. Kadi nimeiona picha kwenye simu ya dalali. Anauza sababu anahama nchi.

Spana 17:
Sawa. Angalia hiyo maili/kilomita, sababu gari nyingi za hivi zimetoka Uingereza na kule spidi wanasoma kwa maili. 98,000 ikiwa ni maili ni kama kilomita 157,000, siyo "tu" tena.

Sasa ukaguzi. Cha kwanza nenda asubuhi mapema injini ikiwa ya baridi kabisa, na mwambie dalali asiiguse kabla hujafika. Shika boneti kwa mkono. Ikiwa ya moto inawezekana kuna kitu wanakuficha. Na hizi V6 za dizeli mlio wa chini wa bering usikilize injini ikiwa baridi, halafu usikilize tena ikishapata moto. Ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwenye 2.7 na 3.0 ni bering za kranki (ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) kuzunguka mahali pake, oili haifiki, kranki inakatika, na hapo hakuna cha kutengeneza ni kutafuta injini nyingine. Filta ya oili ni ya karatasi na ipo juu, inafunguka kirahisi, mwambie fundi aitoe aikunjue aangalie kama kuna chenga za chuma zinang'aa. Mwenye gari akikataa filta isifunguliwe, ondoka.

Pili taimingi belti. Kitabu chake kinataka ibadilishwe kwenye maili 105,000 au miaka 7, kinachotangulia. Watu wanaangalia maili wanasahau miaka! Gari ya 2008 miaka 7 imepita kitambo. Na belti zipo mbili, moja ya mbele na nyingine nyuma ya injini inaendesha pampu ya dizeli, mafundi wengi wanafunga ya mbele wanaiacha ya nyuma. Dai risiti. Na kwenye 2.7 za mwanzo pampu ya oili inapasuka pale inaposhikilia tenshena, kile kinachokaza belti, ukibadili belti badili na pampu.

Tatu shokapu za upepo. Paki sehemu ya usawa, pima kwa futi toka katikati ya tairi mpaka ukingo wa fenda kona zote nne jioni, rudi asubuhi upime tena. Kona ikishuka, kuna sehemu inavuja. Halafu washa, ipandishe mpaka mwisho, ishushe, ipandishe tena, uone kompresa inachelewa au inapiga kelele. Nne, breki ya mkono ya umeme, ivute na uiachie mara kadhaa, ukisikia mlio wa kukwaruza huko nyuma jiandae.

Tano kompyuta. Siyo zile mashine ndogo za elfu thelathini, tafuta mwenye mashine inayoingia kwenye Land Rover yenyewe, asome kila boksi la kompyuta ya gari siyo la injini peke yake. Akikuta hakuna kosa hata moja kwenye gari ya umri huu usifurahi, inawezekana yamefutwa asubuhi hiyo hiyo.

Msukuma wa Igoma:
Hapo kwenye shokapu za upepo nimekumbuka mbali sana wakuu, mimi sikuwa na Range nilikuwa na la Kijerumani, jina silitaji, nimetoka Dar naenda Mwanza na familia nipo mlima Sekenke gari ikalala upande mmoja kabisa yaani tairi linagusa fenda, ikabidi tusukumane taratibu mpaka Shelui tukalala hapo, fundi kaja toka Singida akasema hiki kitu Tanzania sidhani kama kipo wakaagiza Dubai, gari ikapandishwa kwenye lori kurudi Dar mimi nikabaki na watoto stendi, ila Mungu hamtupi mja wake kuna mama wa Shelui alitupa chumba na kuku bure kabisa akakataa hela, mpaka leo nikipita namshushia sukari na khanga. Watu wa Singida wana roho nzuri sana.

Mzee wa Rufiji:
Ukiwa na Harrier usingelala Shelui.

Abuu Leicester:
Nipo Uingereza huku, naongezea kitu ambacho ni bure. Kama gari imetoka huku, omba namba yake ya zamani ya Uingereza, ipo kwenye makaratasi ya kuingizia. Gari ikifika miaka mitatu huku inakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT, na matokeo yote serikali inaweka wazi kwenye mtandao wake: tarehe, maili alizosoma mkaguzi siku hiyo, ilifeli nini. Unaweka namba tu unaona. Kama mwaka wa mwisho huku ilisoma maili 140,000 na leo huko Mbezi inasoma 98,000, mjadala umeisha.

Mkazi wa Kibada:
Daah mnanipa elimu kubwa. Ila muuzaji ni mtu muungwana, anasali, sidhani kama anaweza kurudisha maili. Na gari kwa macho ni kama mpya, nimeweka picha hapo chini.

Hakimu wa Tandika:
Wakuu mnachoka bure, HII NI CHAI. Nimesoma toka juu nimevumilia ila picha zimenimaliza. Mtoa mada anasema gari ni ya 2008. Taa za kwenye picha, bampa, grili, hizo ni za 2010 kwenda juu. Pili anasema 3.0 dizeli. 2008 Range Sport haikuwa na 3.0 ya dizeli, ilikuwa 2.7 V6 au 3.6 V8, 3.0 imekuja na huo uso mpya. Kwahiyo gari ya namna hii haijawahi kutoka kiwandani kwao Solihull. Ama picha umezitoa sehemu, ama wewe ndo dalali unapasha moto soko.

Dogo wa Keko:
Chai ya tangawizi 😂 nilishaanza kuchukua notisi

Msukuma wa Igoma:
Kwahiyo nimeeleza habari za Shelui bure?

Mama Nuru:
Kama ni uongo Mungu anakuona. Watu wametoa muda wao.

Mkazi wa Kibada:
Naapa siyo chai. Nimeumia sana kusomwa hivi wakati nina mambo yangu yananikaba. Nimemlazimisha dalali anitumie tena picha ya kadi, hii hapa nimefuta jina na namba. Mwaka wa kutengenezwa 2008. Ujazo wa injini 2720. Hiyo 3.0 ni dalali ndo alikuwa ananiambia, mimi ningejuaje.

Spana 17:
2720 ndiyo 2.7 yenyewe. 3.0 kadi ingesoma 2993. Na uso wa 2010 siyo ajabu, hapa mjini kuvalisha ya zamani taa na bampa za mpya ni kazi ya kila wiki, wengine mpaka usukani na dashibodi. @Hakimu umeona sawa ila umehukumu haraka. Mtoa mada, soma namba ya chasisi kwenye kioo cha mbele, herufi ya kumi. Ikiwa 8 ni ya 2008, A ni 2010, B ni 2011.

Ila mimi kuna swali nakuuliza kwa mara ya pili hujanijibu sawasawa. Kwa nini dalali anasema 3.0? Injini iliyomo ndani ni ile ya kwenye kadi?

Mkazi wa Kibada:
Herufi ya kumi ni 8.

Sawa nisiwafiche. Injini ilishabadilishwa. Dalali aliniambia mapema, akasema waliweka 3.0 na hiyo ni faida kwangu maana injini ni mpya kuliko gari, na kwa kweli hata mimi naona ina mantiki. Sikuandika mwanzo kwa sababu nilijua mtanikatisha tamaa. Halafu kishika uchumba nishatoa, milioni 9, ni mkopo wa SACCOS. Gari siyo ya starehe kama mnavyodhani, nataka kuikodisha kwenye maharusi, Kigamboni huku watu wanatafuta Range nyeusi hawapati na nina oda za Desemba tayari. Kwahiyo mtu anaposema chukua Harrier anakuwa hajanielewa, bibi harusi hapandi Harrier.

Mzee wa Rufiji:
Mke wangu alipanda.

Binti Pangani:
Kaka, hizo milioni 9 ulimpa nani, mwenye gari au dalali? Na mkataba mmeandikishana wapi?

Mkazi wa Kibada:
Dalali. Aliandika kwenye karatasi tukasaini. Ni mtu ninayemfahamu lakini.

Spana 17:
Kaka nisikilize. "Injini mpya kuliko gari" haipo, injini zinazouzwa hapa mjini ni za kutoa kwenye gari iliyogongwa au iliyokufa, hujui ilipigwa kilomita ngapi wala ilibadilishiwa oili lini. Na 3.0 kuikalisha kwenye gari ya 2.7 inataka nyaya, kompyuta, vitu vingi, wengi wanaosema wamefanya hivyo wamefunga 2.7 nyingine tu. Na kazi ya harusi ndiyo inaua: gari inanguruma imesimama na AC masaa mawili nje ya kanisa, jua la Desemba. Kama rejeta au pampu ya maji imechoka utajua siku hiyo, bibi harusi akiwa ndani.

Jambo lingine ni namba ya injini. Injini ikibadilishwa, taarifa zinatakiwa zibadilishwe TRA na kadi isome namba mpya. Kama kadi bado ina namba ya zamani, siku trafiki akifungua boneti wewe ndo wa kujieleza hiyo injini umeitoa wapi, siyo dalali.

Binti Pangani:
Na uangalie kama ina madeni ya faini za barabarani, unaweka namba ya gari kwenye mfumo wa polisi inatoka. Shangazi yangu alinunua gari akakuta faini za dereva wa zamani zimejaa.

Mkazi wa Kibada:
MREJESHO. Nimeenda alfajiri na fundi, bila kumwambia dalali, nimempigia mwenye gari mwenyewe, namba yake nimeipata kwa mlinzi. Dashibodi inasoma maili. Kona ya nyuma kushoto imeshuka usiku mmoja. Namba ya injini siyo ya kwenye kadi, na fundi anasema iliyomo ni 2.7. Filta ilikuwa safi, chenga hakuna, mlio wa chini hakuna. Risiti ya belti hakuna.

Mwenye gari hakunificha kitu. Kranki ilikatika, akanunua injini ya mtumba mtaa wa Gerezani, hakuna mahali aliposema 3.0. Na wala hahami nchi. Tena yeye kapokea milioni 6, siyo 9. Bei aliyomwambia dalali ni 29.

Sasa amesema nikiichukua moja kwa moja toka kwake ni 27, ile 6 inahesabika. Mnaonaje kwa 27?

Hakimu wa Tandika:
Nafuta neno la chai. Ila milioni 3 ya dalali mfuate leo hii hii, usilale nayo.

Mama Nuru:
Rudisha hela ya SACCOS.

Abuu Leicester:
Namba ya Uingereza umeiomba?

Spana 17:
Kwa 27 siwezi kukwambia usichukue, mwenye gari anayekuonesha filta yupo mmoja kwa wengi. Ila weka pembeni hela ya belti zote mbili na pampu ya oili kabla gari haijatoka hata kwenda sheli, kompresa na lile shokapu la nyuma, halafu oili badili nusu ya umbali ulioandikwa kwenye kitabu. Na usiongeze hata shilingi mpaka yeye mwenyewe aende TRA namba ya injini iingie kwenye kadi kwa jina lake, ndipo ihamie kwako. Akisema "tutarekebisha baadaye", omba ile 6.

Mkazi wa Kibada:
Amekubali twende wote TRA Jumatatu. Dalali hapokei simu, nimeshaongea na mjumbe wa mtaa wake. Na oda ya harusi ya kwanza nimempigia bwana harusi nimemwambia ukweli atafute gari nyingine.

Mzee wa Rufiji:
Mpe namba yangu.