Fedha huingia zahanati moja kwa moja, mbona dawa zinaisha?

Mjumbe Mpya
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mwaka huu wanakijiji wamenichagua kuingia katika kamati ya usimamizi wa zahanati yetu. Katika kikao cha kwanza tulielezwa kwamba fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja katika akaunti ya zahanati, lakini kina mama bado wanaandikiwa karatasi wakanunue dawa kwenye duka la dawa muhimu. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kuwa manunuzi ni kazi ya wataalamu. Je, kamati ina mamlaka gani hasa, au tupo kwa ajili ya kusaini mihtasari tu?

Mganga Mstaafu
Marahaba, kijana. Jibu ulilopewa si sahihi. Kabla ya mwaka wa fedha 2017/18, fedha hizo ziliishia katika akaunti ya halmashauri, na sisi waganga wafawidhi tuliomba hata sabuni kwa barua. Gari la wilaya likiharibika, barua nayo ililala. Tangu mageuzi yale, kituo kina akaunti yake, huandaa mpango wake wa mwaka, na mapato na matumizi yake huingizwa katika FFARS, mfumo wa kielektroniki wa hesabu za vituo. Kamati ndiyo inayopaswa kuupitia mpango huo na kufuatilia utekelezaji wake.

Kuhusu dawa, zahanati huagiza kwanza Bohari ya Dawa ya serikali (MSD), na pale MSD inapokosa dawa husika, ndipo hununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa. Upungufu mwingi nilioushuhudia ulianzia kwenye maoteo, yaani makadirio ya dawa zitakazohitajika: mtumishi amenakili takwimu za mwaka uliopita, ilhali wagonjwa wameongezeka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza fedha ziko wapi, omba kuona leja ya dawa na tarehe ambayo oda ya mwisho ilitumwa.

Mhasibu wa Vituo
Kuhusu mamlaka, nakubaliana na Mzee, ila maoteo mazuri hayaongezi fedha. Kwa mujibu wa sera, wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza hutibiwa bure, na hao ndio wanaojaza benchi la zahanati ya kijijini. Dawa zao lazima zinunuliwe, lakini hakuna kinacholipwa dirishani. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii iliyoanzishwa kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, ingeziba sehemu ya pengo hilo kama watu wasingesubiri kuugua ndipo wajiunge. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima. Kazi ngumu ni kumfikia mkulima ambaye fedha yake huonekana msimu wa mavuno pekee.

Mkazi wa Kata Jirani
Kwetu kamati ilidai taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ubaoni kila robo mwaka. Dawa hazikuongezeka siku hiyo, lakini minong'ono ilipungua.

Mjumbe Mpya
Nashukuru sana. Nitaomba leja na tarehe ya oda. Ndugu Mhasibu, taarifa ya FFARS naweza kuidai mwenyewe?

Mhasibu wa Vituo
Idaini kupitia mwenyekiti wa kamati, kwa maandishi, na ubaki na nakala.