Boksi la vifaa vya kushonea au ninunue kimoja kimoja? (niko Arusha, nina elfu 40)

Jua_la_Sakina:
Habari zenu wadau. Jumamosi nashuka mjini kununua vifaa vya kushonea nyumbani, nina elfu 40 na haiongezeki hata mia. Nimeliona lile boksi la plastiki lina kila kitu ndani, vinyuzi rangi kibao, mkasi, futi, pini, sindano na kale kadude ka kufumulia. Muuzaji anasema nikinunua kimoja kimoja nitalia, jirani yangu anasema lile boksi ni pambo la sebuleni. Sa nimsikilize nani? Na msiniambie nipeleke kwa fundi, nataka kushona mwenyewe.

Fundi_wa_Pasua:
Dada yangu, unauliza nauli hujasema unakwenda wapi. Unashona kwa mkono au una cherehani? Kama unayo ni ya miguu, ya mkono au ya umeme? Na unashona nini, vitenge, mapazia, jinzi?

mama_pacha_njiro:
Mi ninalo hilo boksi mwaka wa 3 huu, kitu pekee ninachotumia mpaka leo ni boksi lenyewe, natunzia vifungo 😂 Ule mkasi ulikata kitenge siku ya kwanza, siku ya pili ukaanza kukitafuna. Vile vinyuzi kila kimoja unashona pindo mbili kimekwisha, na rangi unayoitaka ndo haipo. Chukua kimoja kimoja, shoga, anza na mkasi.

kijana_wa_Ngarenaro:
Boksi sio baya kwa mtu wa kubandika kifungo na kuziba soksi. Tusimkatishe tamaa mwenzetu.

Jua_la_Sakina:
Samahani nilisahau. Cherehani ipo, ya miguu, ile nyeusi ya zamani ya bibi. Nataka kushona magauni ya vitenge ya wanangu na mashuka.

Fundi_wa_Pasua:
Hapo tunaongea. Basi boksi liache. Zile sindano za mle ni za mkono, cherehani inataka zake, na usiseme tu "nipe sindano ya cherehani" maana utapewa za zile mashine za kiwandani ambazo shina lake, ile sehemu nene ya juu inayoingia kwenye mashine, ni duara. Ya nyumbani upande mmoja wa shina umechongwa bapa, ushike kwa kidole utausikia. Kitenge na shuka chukua namba 14, imeandikwa 90/14, hiyo 90 maana yake unene wa milimita 0.9. Jinzi panda 16 au 18. Na sindano sio urithi jamani, mtu anashona na moja mpaka inapinda afu anasema cherehani inaruka. Ukishaitumia masaa kama 8 ya kushona kweli, badilisha.

Binti_wa_Majengo:
Mnaongea mkasi mnaongea sindano, UZI je? Ngoja niwape yangu ili mwenzenu asije akapita nilikopita. Miaka miwili nyuma kwaya yetu hapa Moshi ikanipa kazi ya kushona sare 14, magauni ya bluu, mi ndo kwanza nimetoka kujifunza nkasema Mungu kanikumbuka. Nikaenda duka moja mjini, jina nalihifadhi, nikakuta koni za uzi zimewekwa dirishani bei ya kutupa, nikabeba 4. Koni zenyewe upande mmoja zimepauka kabisa, bluu imekuwa kama maji ya kufulia, nikajisemea kupauka si rangi tu. Kumbe zimekaa kwenye jua sijui muda gani na jua linaula uzi. Nikashona usiku na mchana, zikapigwa pasi, Jumapili tukasimama mbele, ubeti wa kwanza salama, ikafika pale pa kunyanyua mikono juu wote... nikasikia prrrr. Mama wa sauti ya pili kwapa lote wazi. Mwingine bega. Tukamaliza wimbo mikono tumeibana kama kuku kanyeshewa. Wiki nzima nilifumua na kushona upya kwa hela yangu, na uzi wenyewe ukivuta unakatika kama tambi.
Tangu siku hiyo kabla sijalipa navuta kipande kwa mikono miwili mbele ya muuzaji, ukikatika bila kunipa shida naurudisha. Afu naunyanyua kwenye mwanga, ukiwa na manyoya manyoya mengi siutaki.

mama_pacha_njiro:
Pole jamani nimecheka vibaya 😂😂 prrrr

kijana_wa_Ngarenaro:
Sasa mwalimu wa kwaya alisemaje?

Binti_wa_Majengo:
Hakusema. Aliangalia tu.

Kipimo_Sahihi:
Niongezee kitu watu wanakipuuza, futi kamba. Inchi 60 ni sentimita 152.4. Kwa hiyo ukiikunjua upande wa inchi ukaona 60, ugeuze, alama ya 150 inatakiwa ije kabla kidogo, kama sentimita mbili na nusu hivi. Ukikuta 60 na 150 zinamalizikia mstari mmoja hiyo futi inakudanganya. Na za plastiki laini zinavutika zikizeeka, mke wangu alipima mapazia kwa futi mbili tofauti na dirisha likatoka na vipimo viwili.

mama_pacha_njiro:
Chaki usinunue pia, kile kipande cha sabuni ya kuogea kilichobaki chembamba kikikauka kinachora vizuri mno kwenye kitenge cheusi, na ukifua kinaondoka. Na pini zikimwagika tumia sumaku ya spika mbovu, fundi redio atakupa bure.

Fundi_wa_Pasua:
Hayo kweli. Na kile cha kufumulia usinunue, wembe unatosha. Mi miaka 30 nafumua kwa wembe.

mama_pacha_njiro:
Fundi heshima yako, ila wembe hapana. Nilifumua pindo la gauni la mtoto wa dada yangu, umeme ukakatika, tahamaki nimepasua kitenge mpaka kiunoni. Kale kapira kekundu kwenye kifumulio unakapitisha chini ya mshono, kanateleza juu ya kitambaa kisichomwe.

Fundi_wa_Pasua:
Umeme ukikatika mama unaacha kufumua. Wembe hauna kosa hapo.

mama_pacha_njiro:
Na nguo ya watu asubuhi inatakiwa?

kijana_wa_Ngarenaro:
Mnapigana kwa kitu cha bei ya maandazi.

Jua_la_Sakina:
Asanteni sana. Nimeandika: sindano namba 14, uzi wa kuvuta, futi ya kugeuza. Mkasi sasa, nichukue ule mkubwa wa mafundi? Nimejaribu wa jirani unanipinda kitambaa na kidole gumba kinauma. Labda sababu natumia mkono wa kushoto.

Fundi_wa_Pasua:
Dada!! Hilo ndo ulitakiwa kuanza nalo. Mkasi wa kawaida ukiushika kushoto, mkono wako unazitawanya zile meno badala ya kuzibana, kitambaa kinaingia katikati kinakunjika. Wa mashoto meno yake yamegeuzwa.

Jua_la_Sakina:
Unapatikana wapi huo?

Binti_wa_Majengo:
Huku Moshi sijawahi uona. Shangazi yangu ni mashoto, yeye alijifunza kukata kwa kulia akiwa mtu mzima, anasema ni kama kujifunza kuandika upya.

Kipimo_Sahihi:
Agiza Dar, Kariakoo utapata.

kijana_wa_Ngarenaro:
Kila kitu "Kariakoo utapata". Ushawahi kuuona huko kwa macho?

Kipimo_Sahihi:
Sijauona ila Kariakoo hakikosekani kitu.

Fundi_wa_Pasua:
Wakati mnatafuta mkasi, dada hebu niambie, hiyo cherehani ya bibi inazunguka? Usije ukaiwekea mafuta ya alizeti, yanaganda kama gundi, weka ya cherehani yale maangavu kama maji. Na mkanda wake ni mzima?

Jua_la_Sakina:
Mkanda upi?

Fundi_wa_Pasua:
Wa ngozi, unaotoka gurudumu la chini kwenda la juu.

Jua_la_Sakina:
Ahaa. Pale pana kamba ya katani imefungwa fundo.

mama_pacha_njiro:
Eeh Mungu wangu. Elfu 40 hiyo.