MAX30102 na Arduino Uno: R tuipate kwa kilele-na-bonde, Fourier au mteremko?

fundi_himbi (Goma): Habari zenu wakubwa. Napima oksijeni ya damu kidoleni kwa kihisi cha mwanga MAX30102 na bodi ya Arduino Uno. Sampuli ni 100 kwa sekunde, mwanga mwekundu na infraredi. R ni mdundo wa mwekundu ukigawiwa kwa sehemu yake tulivu, kisha kugawiwa kwa uwiano kama huo wa infraredi. Kwa kilele-na-bonde asilimia ya oksijeni inaruka kati ya 97 na 88, kidole kimetulia kabisa. Nihamie njia gani?

volkano_elektro (Goma): Kilele-na-bonde inategemea sampuli mbili tu kwa kila pigo, na mdundo wenyewe ni kama asilimia 1 ya mwanga unaorudi. Mfano: mwekundu, sehemu tulivu 100,000, mdundo 600, infraredi 120,000 na 1,200. R = 0.006 ÷ 0.010 = 0.6, na kwa kanuni ya makadirio, 110 − 25R, unapata 95. Kelele ikiongeza 120 tu kwenye mwekundu, R inafika 0.72, kioo kinaandika 92.

dada_maabara (Bukavu): Fourier, yaani kutenganisha wimbi kwa masafa yake. Sampuli 400, sekunde 4, chukua kilele cha mapigo mahali pamoja kwa rangi zote mbili. Mapigo 72 kwa dakika (1.2 Hz) hayakai sawasawa kwenye ngazi za 0.25 Hz, lakini rangi zote zinapoteza sawa, R haiguswi.

volkano_elektro: Kweli dada, ila 400 × 2 × baiti 4 ni 3,200. Kumbukumbu ya Uno ni baiti 2,048. Mteremko unaingia: pima sehemu tulivu kwanza, chuja rangi zote kwa kichujio kilekile cha 0.5–5 Hz, kisha jumlisha x², xy na y² tu, x ikiwa infraredi, y mwekundu. Σxy ÷ Σx², zidisha kwa tulivu ya infraredi, gawa kwa tulivu ya mwekundu: hiyo ndiyo R.
(Σxy)² ÷ (Σx² × Σy²) ikishuka chini ya 0.9, tupa kundi hilo la sampuli. Usiruke hapa! Kelele ya infraredi hupunguza mteremko, R inakuwa ndogo, na mgonjwa anaonekana mzima.

dada_maabara: Kwa Uno nakubali. Lakini fundi, hizo sampuli 100 ni za moja kwa moja, bila wastani? Jenereta ikienda 50.5 Hz, taa inapepesa mara 101 kwa sekunde, na wewe unaiona kama 1 Hz: mapigo 60 ya uongo. Weka kihisi kwenye sampuli 400 kwa sekunde, wastani wa kila sampuli 4. Wastani huo unafunika milisekunde 10, karibu mpepeso mzima, nao unajifuta. Funika kidole kwa kitambaa cheusi pia.

mzee_sakiti (Lubumbashi): Namba ikiganda karibu na 85, shuku kidole kinachotikisika: mtikisiko unagusa rangi zote kwa kiasi kimoja, R inavutwa kwenye 1. Na penye mbabula (jiko) ya makala (mkaa) ndani ya nyumba iliyofungwa, msiiamini hata 98. Damu iliyobeba monoksidi ya kaboni, kwa rangi hizi mbili, inafanana na yenye oksijeni, na hakuna hesabu ya R itakayoitenganisha.